Muulize Dada wa Gemu: Wameomba radhi, tuwaamini?

SWALI: Shikamoo dada. Nilinunua gemu siku ile ile ilipotoka, kwa bei kamili. Inaganda kila nikiingia mjini, na imeshanifutia hatua niliyofikia. Watengenezaji wametoa taarifa ndefu wakisema wanatusikiliza na wanathamini mapenzi yetu. Wenzangu wamelainika, mimi bado nina hasira. Niwaamini, au nidai pesa zangu?
– Msomaji, mchezaji wa konsoli (mashine ya gemu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dai pesa zako, na udai leo, maana maduka ya gemu yana masharti ya muda. Steam, kwa mfano, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Soma masharti ya duka ulilonunulia kabla hujaendelea kucheza. Gemu ikitengemaa utainunua tena, pengine kwa bei nafuu, na wala hutakuwa umemsaliti mtu.

Sasa hiyo taarifa. Isome tena ukitafuta jambo moja: wameitaja hitilafu yenyewe? Kusema "tunawasikiliza" hakumgharimu mtu chochote. Taarifa yenye uzito husema gemu inaganda wapi, kwenye kifaa gani, nini kitarekebishwa kwanza na nini kitachelewa.

Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 10, 2020, na kwenye PS4 na Xbox One za kawaida ilikuwa mateso. Baada ya siku chache CD Projekt, kampuni ya Poland, iliomba radhi kwa kutowaonyesha watu gemu hiyo kwenye konsoli hizo kabla ya kuiuza, ikawaambia wasioridhika waombe kurudishiwa pesa. Sony, wenye PS4, nao wakaiondoa dukani kwao hadi Juni 2021. Radhi ile naiheshimu kwa sababu ilitaja kosa lenyewe, kwamba mnunuzi alifichwa. Lakini radhi haikuitengeneza gemu. Sasisho la 2.0, lililobadilisha polisi wa mjini na namna mhusika anavyoongezewa uwezo, lilikuja Septemba 2023. Aliyenunua siku ya kwanza alikuwa amengoja karibu miaka mitatu.

Wapo waliokaa kimya. Hello Games, timu ndogo ya Uingereza, walitoa No Man's Sky Agosti 2016, na wachezaji wakaja juu kwamba mengi waliyotarajia hayamo, hasa kucheza pamoja na wenzao. Timu ikajifungia kufanya kazi. Sasisho kubwa la kwanza lilitoka Novemba, bure, na mengine yakafuata mwaka hadi mwaka; kucheza pamoja kwa maana yake halisi kulifika Julai 2018. Watu wengi huusifu ukimya ule. Mimi siusifu hata kidogo. Kazi yao naivulia kofia, lakini mnunuzi aliachwa miezi asijue kama ametelekezwa, na kumpa neno moja la wazi kusingewazuia kufanya kazi.

Jibu ninalolipenda kuliko yote ni la Square Enix, kampuni ya Japani. Final Fantasy XIV, gemu yao ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, ilipotoka vibaya mwaka 2010, walisimamisha kwa muda mrefu ada ya mwezi, wakambadilisha kiongozi wa mradi, Novemba 2012 wakazima seva, kisha Agosti 2013 wakarudi na gemu iliyojengwa upya. Waliumia mfukoni wao kabla ya kumwomba mchezaji subira. Lakini usidhani kila ahadi hufika huko: Anthem ya BioWare ilitoka Februari 2019, ikaahidiwa kufumuliwa na kusukwa upya, na Februari 2021 mpango huo ukafutwa.

Hasira yako ni halali, ila iandike iweze kufanyiwa kazi. Niliwahi kukaa upande wa kupokea malalamiko. Ujumbe wa "gemu yenu takataka" tulikuwa tunausoma, na hakuna tulichoweza kuufanyia. Kisha anaandika mtu: "Nikifungua ramani gari likiwa bado linakwenda, picha inaganda, sauti inaendelea, hutokea kila mara, konsoli yangu ni ya toleo la kwanza." Huo tulikuwa tunaujaribu hapo hapo. Hitilafu ikijirudia mbele ya macho yetu, ilikwenda moja kwa moja kwa mtayarishaji programu, ikiwa na hatua zake zote. Na tafadhali usimtukane anayekujibu. Mara nyingi tarehe ya kutoka imepangwa na wakubwa ambao ujumbe wako hautawafikia, na mafundi walishaiona hitilafu hiyo, wakaiandika, wakaambiwa muda umekwisha.

SWALI: Dada, nisubiri muda gani kabla ya kununua gemu mpya?
– Msomaji mwingine

JIBU: Subiri mpaka uone mtu anaicheza kwenye kifaa kama chako. Kabla Cyberpunk haijatoka, wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu, wengi wakaipa alama za juu, na mwenye PS4 akanunua kwa kuamini alama hizo. Wiki moja baada ya gemu kutoka, video za wachezaji wa kawaida huwa zimejaa. Tazama sehemu zenye watu wengi na mapigano makubwa, maana konsoli ya zamani huanza kulemewa hapo.