Okidi ikifa, itoe kwenye chungu uisome mizizi

Usitupe okidi iliyokufa kabla hujaitoa kwenye chungu. Watu wakinieleza okidi zao zilivyokufa huanza na majani, na majani hayatoshi kukupa jibu. Hulegea na kukunjamana mmea ukikosa maji, na hulegea vilevile mizizi ikioza kwa maji mengi, kwa kuwa mzizi uliooza haunywi. Mwenye mmea akiona hivyo huzidisha maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Kung'uta magome, yaani vipande vya gome la mti ambavyo okidi hupandwa ndani yake badala ya udongo, kisha ubonyeze mzizi mmoja baada ya mwingine. Mzizi hai ni mgumu. Ukikauka huwa wa kijivu, ukilowa hugeuka kijani. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea, na ukiuvuta ganda linachomoka unabaki uzi mwembamba. Uliokufa kwa kiu ni mkavu na mtupu ndani. Katika okidi za Phalaenopsis, aina ya okidi inayouzwa sana kwa kufugwa ndani ya nyumba, mara nyingi mno nimekuta uzi.

Porini mimea hii huota juu ya miti, mizizi ikishika gome na kupigwa na hewa. Mizizi hiyo imevikwa tabaka la seli zilizokufa, linalofyonza maji ya mvua kama sifongo kisha likakauka. Ukiiweka kwenye unyevu usiokatika, inakosa hewa na kuoza. Ndiyo maana siamini kabisa chungu cha mapambo kisicho na matundu. Tazama pia katikati ya mizizi: huenda kuna donge la kuvumwani lililobaki tangu mmea ulipokuwa mche. Hilo hubaki limelowa wakati magome ya juu yamekauka, nawe ukigusa juu unadhani mmea una kiu. Magome nayo yakipita miaka 2 hivi huanza kumomonyoka na kuziba hewa.

Mizizi ikiwa mizima, kagua kileleni. Phalaenopsis hukua kutoka ncha moja tu. Maji yakituama kati ya majani, ncha ile huoza na majani hung'oka kwa kuguswa.

Lakini kwanza hakikisha imekufa kweli. Maua kudondoka baada ya miezi 2 au 3 ni kawaida, na jani la chini kabisa kugeuka njano pia ni kawaida. Inaniuma sana kuona okidi hai ikitupwa kwa sababu hiyo. Ukikuta hata mizizi michache migumu na ncha bado ni ya kijani, kata iliyooza kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti, panda kwenye magome mapya, na umwagilie tena pale tu magome yanapokaribia kukauka.