Vidonge vya iodini havizuii kila mionzi
Umeuliza kama dada yako anayeishi Fukushima, kule Japani kulikotokea ajali ya kinu cha nyuklia mwaka 2011, anywe vidonge vya iodini hadi leo. Hapana, ndugu yangu, havimsaidii tena. Vidonge hivyo huijaza tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iodini salama ili isifyonze iodini 131, ile yenye mionzi iliyovuja kinuni. Hufaa vikimezwa muda mfupi kabla ya mionzi kufika au saa chache baadaye, tena kwa agizo la mamlaka. Iodini 131 hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo iliyovuja Machi 2011 ilikwisha zamani.

Kilichobaki ni sesiamu 137, dutu nyingine ya mionzi iliyovuja, inayochukua miaka 30 hivi kupungua nusu, na vidonge haviigusi kabisa. Hapo aangalie chakula. Tangu Aprili 2012 Japani hairuhusu chakula cha kawaida kizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kilo, maziwa 50, maji ya kunywa 10. Kinachonitia wasiwasi mimi si vya dukani, ni uyoga wa porini na nyama ya nguruwe mwitu, maana msituni sesiamu haiondoki upesi. Asile bila kupimwa, hata akipewa na jirani anayemwamini.

Na kama mwaka 2011 alikuwa mtoto, asiache vipimo vya tezi vinavyotolewa na mkoa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, 1986, watoto walikunywa maziwa yenye iodini 131 na maelfu wakapata saratani ya tezi hiyo hiyo.