Kabla ya kuiacha PID kwenye turbini ya gesi
Ndugu, umeuliza kama udhibiti wa kutabiri kwa modeli, ukichukua nafasi ya PID (kidhibiti cha kawaida kinachorekebisha amri kwa kufuata kosa, yaani tofauti kati ya thamani inayotakiwa na inayopimwa), utazuia joto la moshi kupita kikomo mzigo unapoongezeka ghafla. Utasaidia, kwa kuwa hukokotoa mapema mwenendo wa mtambo na kuzingatia mipaka ya joto na kasi kwa pamoja. Hata hivyo, ningeanza na kiteuzi kinachopitisha amri ndogo zaidi ya mafuta kati ya ile ya kasi na ile ya joto: kidhibiti kisichochaguliwa, integrali yake (sehemu inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita) isipozuiwa, huendelea kulimbikiza kosa, kisha huchelewa kushika usukani joto linapofika kikomo. Thamokapo (vipima joto) nazo huchelewa kusoma, hivyo modeli yako izingatie hilo. Mfumo wa kuzima mtambo kwa dharura usiuguse, ubaki ukijitegemea.