Akili mnemba igawe bajeti, hesabu shika mwenyewe

Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, niliamka kunywa maji nikajikuta nimeshika simu, natazama dashibodi, yaani ukurasa wa takwimu, ya matangazo yangu ya mtandaoni. Wiki hiyo nilikuwa nimeikabidhi akili mnemba bajeti yote: ipange yenyewe dau (bei ya kugombea nafasi ya tangazo), ichague hadhira yenyewe, ihamishe pesa kutoka tangazo hili kwenda lile bila kuniuliza. Namba zilikuwa tamu. Gharama ya kila "tokeo" ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile niliyoizoea. Nikarudi kulala natabasamu.

Asubuhi nikafungua kisanduku cha ujumbe. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamebofya kitufe cha "Wasiliana nasi", na aliyeandika japo "habari" alikuwa mmoja tu, naye alitaka kuniuzia huduma ya kutengeneza tovuti.

Mimi nauza mafunzo ya ushonaji kwa njia ya video. Nilipozama kwenye ripoti ya mahali matangazo yalikoonekana, nikakuta orodha ndefu ya programu za simu: mchezo wa kupasua mapovu, mchezo wa kupaka katuni rangi, programu ya tochi. Tochi! Nani anawasha tochi usiku huku akili yake iko kwenye kukata gauni? Wateja wangu walikuwa vidole vya watoto na vidole vilivyoteleza.

Jukwaa silitaji, na kusema kweli kosa lilikuwa langu. Mauzo halisi yalikuwa machache, wiki nzima labda manane, nikaona mashine itakosa cha kujifunzia. Nikaiambia ihesabu mibofyo ya kitufe badala ya malipo. Ikatii. Ikaenda kuwasaka watu wanaobofya kwa bei rahisi kuliko wote, na hao huwa hawanunui. Mfumo wa namna hii hauna habari kwamba una biashara. Unachojua ni namba moja tu uliyouambia uiongeze, nao utaiongeza kwa njia yoyote ya mkato utakayoiona.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote cha "boresha kiotomatiki", jiulize ni tukio gani hasa unaliita mafanikio. Kama malipo yanafanyika kwenye tovuti yako, hesabu malipo, tena pamoja na thamani yake, ili mashine itofautishe mteja wa kozi fupi na yule aliyechukua kozi nzima. Kama mauzo yanafungwa kwa simu au kwa ujumbe, usikate tamaa: Google na Meta (wenye Facebook na Instagram) zote zinaruhusu uwarudishie taarifa za mauzo yaliyokamilika nje ya tovuti, kwa kupakia faili au kwa kuunganisha mifumo. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwangu hiyo ndiyo iliyogeuza mambo. Mashine ilipoanza kuona nani alilipa, zile tochi zilipungua zenyewe hata kabla sijamaliza kuzizuia moja moja.

Sasa lile tatizo la mauzo machache lipo kweli, halikuwa kisingizio. Mifumo hii inajifunza kwa kujaribu, na kujaribu kunakula pesa. Mwaka 1933 mtafiti William Thompson aliandika juu ya swali linalofanana na hili: una tiba mbili, hujui ipi bora, unawagawaje wagonjwa ili ujifunze bila kuwaumiza wengi kwa tiba dhaifu? Badala ya tiba weka matangazo. Ukiamua mapema, huenda umemtupa mshindi ambaye hakupata nafasi. Ukichelewa kuamua, unaendelea kulisha walioshindwa.

Mwongozo ambao Meta imeutumia kwa miaka mingi ni kwamba seti moja ya matangazo (kundi la matangazo yenye hadhira moja na bajeti moja) inahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili itoke kwenye kipindi cha kujifunza. Basi piga hesabu hii kwenye karatasi: chukua gharama yako ya kumpata mteja mmoja, zidisha kwa 50, gawa kwa 7. Hiyo ndiyo bajeti ya siku ambayo mashine ingeitaka kwa seti moja. Mimi nilikuwa na seti sita, na bajeti ambayo isingetosha hata moja. Ilikuwa kama kugawa sahani moja ya chakula kwa wageni sita na kushangaa kwa nini wote wanaondoka na njaa. Nikaunganisha zote zikawa moja, nikaweka picha na video tofauti ndani yake, mashine ikapata cha kutafuna. Kama hata hiyo moja huimudu, chagua tukio lililo hatua moja tu kabla ya malipo, kwa mfano mtu kufika ukurasa wa kulipia. Hatua moja. Kubofya kitufe chochote kile ni hatua tano nyuma, na huko ndiko kwenye tochi.

Na ukishaiwasha, mikono mfukoni. Huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi na kuuvunja mara nyingi. Badiliko kubwa la bajeti, hadhira au tangazo lenyewe linaweza kukurudisha kwenye kujifunza upya, na siku mbili mbaya hazisemi lolote kama wastani wako ni mauzo mawili kwa siku. Mimi sasa napandisha bajeti kwa moja ya tano, nasubiri siku kadhaa, ndipo naangalia tena. Si sheria ya mtu, ni dawa yangu ya kiherehere.

Kuna jambo dogo linalowashtua wengi. Bajeti ya siku si ukuta. Kwenye Google Ads unachoweka ni wastani: siku moja inaweza kutumia hadi mara mbili yake, ila kwa mwezi haitavuka mara 30.4 ya wastani huo. Ukiweka 20 kwa siku, usipige kelele ukiona 40 Jumamosi. Mwisho wa mwezi kikomo ni 608. Lakini kama kwenye akaunti yako ya benki kuna 300 tu, hilo si jambo la kuligundua Jumamosi. Ukuta halisi jenga mwenyewe: kikomo cha matumizi ya akaunti pale kinapopatikana, tarehe ya mwisho kwenye kila kampeni, na kadi ya pekee kwa matangazo ambayo unaijaza kwa kiasi ulichokubali kukipoteza.

Ukiwa hapo hapo, pitia mipangilio iliyowekewa tiki kabla hujafika. Ya mahali, kwa mfano: kwa kawaida Google huanza kwa kujumuisha watu walio eneo ulilochagua pamoja na wale wanaoonyesha tu kulipenda au kulitafuta. Kama bidhaa yako haiwezi kuwafikia hao wa pili, unawalipia bure. Zima pia mpangilio unaoiruhusu Google itekeleze mapendekezo yake kiotomatiki bila kukuuliza. Na ile alama ya asilimia ya uboreshaji inayokukodolea macho juu ya ukurasa isikunyime usingizi. Ukikubali pendekezo inapanda. Ukilitupilia mbali pia inapanda. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.

Sasa nije kwenye roboti za mazungumzo, maana siku hizi wengi tunapakua ripoti na kuzibandika huko: "Niambie niongeze pesa wapi." Nami hufanya hivyo kila wiki. Ni nzuri sana kwa kupanga upya majedwali machafu, kwa kunieleza safu ambayo siielewi, kwa kuniandikia fomula ya Excel, na kwa kunikumbusha maswali ambayo sikuyauliza. Nafuta kwanza majina, namba za simu na barua pepe za wateja. Hao hawakunipa ruhusa ya kuwapeleka huko. Lakini jibu la mwisho sichukui kama lilivyo, na nitakuonyesha kwa nini.

Mwezi mmoja nilikuwa na kampeni mbili. Ya kwanza ilitumia 900 ikaleta mauzo ya 1,800, yaani mara 2. Ya pili ilitumia 100 ikaleta 800, yaani mara 8. Nikauliza: kwa jumla, pesa yangu imerudi mara ngapi? Nikajibiwa kwa ujasiri wote: mara 5. Imechukua 2 na 8, ikajumlisha, ikagawa kwa mbili. Kumbe jumla niliyotumia ni 1,000 na jumla ya mauzo ni 2,600, yaani mara 2.6. Tofauti ya 5 na 2.6 ni tofauti ya mtu anayejiandaa kuajiri msaidizi na mtu anayepaswa kukaza mkanda.

Hapo bado hatujagusa faida. Tuseme katika kila 100 ya mauzo, baada ya gharama zote isipokuwa matangazo, zinabaki 40. Basi ili usile hasara unahitaji mauzo yawe mara 2.5 ya ulichotumia (1 gawa kwa 0.4). Kampeni ya kwanza: 1,800 inabakiza 720, nayo ilikula 900. Hasara 180. Ya pili: 800 inabakiza 320, ilikula 100. Faida 220. Kwa pamoja nimebaki na 40 mwezi mzima. Tangu siku hiyo ombi langu linaanza hivi: "Tumia jumla, usitumie wastani wa wastani. Nionyeshe kila hatua. Kiasi kinachobaki katika kila 100 ya mauzo ni 40." Kisha narudia hesabu mbili au tatu mwenyewe kwa kikokotoo.

Baada ya kusahihishwa, ile roboti ilinishauri kile ambacho kila mtu angeshauri: toa pesa kwenye ya kwanza, mimina kwenye ya pili. Mantiki yake haina doa, na mfumo wa matangazo ukiuachia nao utaelekea huko huko. Ila kitu kimoja hakikuwa kwenye jedwali. Kampeni ya pili ilikuwa inaonekana kwa watu wanaotafuta jina la biashara yangu. Mtu ameshanisikia, ameandika jina langu herufi kwa herufi, amekuja na pochi mkononi, tangazo limesimama mlangoni, limempokea, limeandika kwenye daftari: "Huyu nimemleta mimi."

eBay walilijaribu jambo hili kwa upana, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Econometrica. Waliposimamisha matangazo ya utafutaji yaliyokuwa yakionekana kwa maneno yenye jina lao, karibu wageni wote waliendelea kuja kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Biashara yangu si eBay, na huenda wewe una mshindani anayelipia jina lako ili akunyang'anye wateja mlangoni. Kwa hiyo usiige, jaribu. Nilizima kampeni ya jina kwa wiki mbili, wiki za kawaida zisizo na ofa wala sikukuu, nikaandika mauzo ya kila siku. Yalishuka kidogo sana, kwa kiasi ambacho hata wiki za kawaida hupanda na kushuka. Ule mshindi wa mara 8 alikuwa anajisifia kazi ya mtu mwingine.

Swali la kujiuliza juu ya kila kampeni ni hili: nikiizima, nitapoteza nini? Dashibodi haiwezi kulijibu, kwa sababu inaandikwa na yule yule anayekuuzia nafasi. Kesi ya ngedere umempelekea nyani. Ndiyo maana majukwaa mawili yakimfikia mteja mmoja, yote mawili yanamdai. Kwa kawaida Meta hujihesabia aliyenunua ndani ya siku 7 baada ya kubofya au siku 1 baada ya kuliona tu tangazo. Jukwaa jingine lina muda wake wa kuhesabu, na hawaulizani. Halafu tangu Aprili 2021, Apple ilipoanza na iOS 14.5 (toleo la mfumo wa iPhone) kuzilazimisha programu ziombe ruhusa ya kumfuatilia mtumiaji, sehemu ya namba unazoziona ni makadirio. Kuna mwezi majukwaa yangu kwa pamoja yalidai wateja 61. Waliolipa walikuwa 44, na katika hao wapo walioniambia wazi wameletwa na rafiki.

Utaratibu wangu wa sasa hauna ufundi wowote. Kila Jumatatu nafungua jedwali lenye safu nne: pesa yote iliyotoka kwa matangazo, mauzo yote yaliyoingia benki, wateja wapya, na kilichobaki mfukoni. Safu hizo sizichukui kwenye dashibodi hata moja. Najaza kwa mkono, dakika kumi, kisha ndipo naibandikia roboti wiki nane za mwisho na kuiuliza kilichobadilika. Mara nyingi inaniambia "hakuna kilichobadilika kwa uhakika", na nimejifunza kulipenda jibu hilo kuliko mapendekezo kumi.

Tatizo ambalo bado linanisumbua ni siku za ofa. Mashine inajifunza kasi ya mauzo ya siku hizo tatu, halafu ofa ikiisha inaendelea kuweka madau makubwa kama vile sherehe bado ipo. Google wana mpangilio wa kuiarifu mapema kuhusu msimu mfupi kama huo; mimi, kwa kuwa naendesha zaidi ya jukwaa moja, nimeweka kengele kwenye simu. Usiku ofa inapofungwa inalia, naamka, napunguza bajeti kwa mkono. Maji nakunywa baadaye.