Kikundi cha kusoma kimevunjika tena

SWALI: Asalam aleikum. Nasomea uhandisi, mwaka wa pili. Naishi Likoni, chuo kiko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Muhula uliopita tulianza diskasheni tukiwa tisa. Kufikia wiki ya tano nilibaki peke yangu. Nikisoma nyumbani hamu huniisha baada ya nusu saa. Nitapataje wenzangu, na nifanyeje nisikate tamaa?
– Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam, mwanetu. Tisa ni wengi mno. Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha 1913 ilionekana kwamba wavutaji wakiongezeka, mchango wa kila mmoja hupungua. Kwenye diskasheni ya tisa, aliyekuja mikono mitupu hajulikani. Tafuta wawili, mwe watatu. Wanne ndio mwisho.

Wala usianze na marafiki. Angalia nani hubaki baada ya mhadhara kumwuliza mhadhiri, nani hupeleka kazi kwa wakati. Usimwombe muhula mzima, mwombe saa moja: "Jumanne saa nane tufanye maswali matatu ya CAT (jaribio la ndani ya muhula) ya mwaka jana?" Akija na karatasi aliyokwisha kuihangaikia, hata kama amekosea, huyo ni wako. Akikosa mara mbili bila hata ujumbe, achana naye kwa wema. Yule bingwa wa darasa pia mwache: kikao kitageuka tuisheni, yeye achoke, nyinyi mnakili tu.

Kikao kiwe chuoni, katika pengo la mchana baina ya mihadhara. Cha saa kumi na moja jioni usikikubali, maana akili yako itakuwa imeshatangulia kwenye foleni ya feri. Ramadhani ikiingia, kihamishieni asubuhi.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo vikundi vingi hufia: watu hukutana kusoma pamoja kimyakimya, au mmoja anasoma daftari kwa sauti. Marekani, 2006, watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baada ya wiki, waliokisoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojipima badala ya kukirudia walikumbuka 56. Lakini walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Ndiyo sababu kurudia hudanganya: unatoka umeridhika, na wiki ijayo kichwa kitupu.

Basi dakika kumi za kwanza vitabu vifungwe, kila mtu aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu. Nusu saa inayofuata mmoja afanye swali ubaoni, wengine wamwulize "kwa nini?" kila mstari. Chukua swali la kalkulasi, intigresheni ya x cos x. Wengi huanza sawa, x sin x, kisha huandika kutoa cos x na kuendelea mbele. Mwulize kwa nini kutoa. Intigresheni ya sin x ni kutoa cos x, na mbele yake tayari kuna kutoa nyingine, ile ya kanuni ya kuintigreti kwa sehemu. Kutoa mbili huwa kujumlisha. Jibu ni x sin x + cos x + C. Ukiwa peke yako kosa hilo utalipita mara kumi. Dakika kumi za mwisho, kila mmoja aandike makosa yake na maswali matatu atakayokuja ameyajaribu.

Kuhusu hamu: usiisubiri, aghalabu huja kazi ikishaanza. Nusu saa yako inatosha. Soma dakika 25, simu ikiwa chumba kingine, inuka tano, unywe maji, rudi. Ukiacha usiku, acha katikati ya swali ambalo unajua hatua yake ifuatayo. Kesho hutaanza kwa kujiuliza uanzie wapi. Na kile kikaratasi cha makosa kiweke mfukoni, ukijiulize ukisubiri feri.

Ikiwa hamu imekwisha kwa wiki kadhaa, na usingizi na chakula navyo vimekutoka, hilo si la diskasheni. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Ikiwa kinachokukosesha utulivu ni karo, nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi wiki hii, usingoje kadi za mtihani zianze kutolewa.