Likizo inakwisha na mtoto hataki chupa

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma, naishi Ilazo hapa Dodoma, na ofisi yetu iko Mtumba. Mwanangu wa kwanza ana wiki tisa na likizo yangu ya uzazi inakwisha wiki mbili zijazo. Ananyonya vizuri, lakini chupa anaisukuma kwa ulimi na kulia. Nikikamua napata vijiko viwili vitatu basi. Mume wangu ameshanunua kopo la maziwa ya unga, anasema la dharura. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kongwa kunisaidia, anasema kwa joto hili mtoto apewe maji na uji mwepesi, wao walilea hivyo. Kazini kuna dada ananishauri nimwachishe mapema nisije nikateseka. Nimechanganyikiwa. Mama Kijana, Ilazo."

Marahaba, mwanangu. Mbukwa, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo, na hongera ya mtoto.

Barua yako imetaja kopo, chupa, uji na mama mkwe, lakini haikutaja saa zako mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ndiyo iliyokupa hizo siku 84 unazozimalizia (mwenye mapacha hupata 100). Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Siku 84 kila mtu anazijua. Saa mbili, wengi ama hawajazisikia, ama wanaona haya kuziomba, kana kwamba ni fadhila ya bosi.

Sasa, kutoka Mtumba mchana, ufike Ilazo, unyonyeshe, kisha urudi ofisini, ni kuzimalizia barabarani. Omba uzitumie zote mwisho wa siku: badala ya kutoka saa 9:30 alasiri, utoke saa 7:30 mchana. Andika barua kwa afisa utumishi wiki hii, ukiwa bado likizo, nakala kwa mkuu wako wa idara. Mistari minne inatosha. Taja kifungu, taja saa unazoomba, ambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Usiingie kwenye maelezo ya mama mkwe na chupa, hayo ni yetu.

Ukikubaliwa, piga hesabu upya. Ukiondoka nyumbani saa 12:30 asubuhi na kurudi kama saa 8:30 mchana, umekuwa mbali na mtoto saa nane. Mtoto wa umri huo anayenyonya hutumia wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, usiku na mchana. Kwa hiyo katika saa hizo nane anahitaji kama mililita 250 hadi 300: glasi moja ya kawaida, na kidogo juu yake. Kumbe unachotafuta ni glasi moja tu kwa siku.

Vijiko viwili vitatu kwa mtu aliyeanza kukamua juzi si dalili kwamba huna maziwa. Mtoto anayakamua vizuri kuliko mkono au pampu yoyote, na titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Anza kesho, mara moja kwa siku, alfajiri baada ya mtoto kunyonya, maana muda huo maziwa huwa mengi. Nawa mikono, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na vingine chini, nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Usivute chuchu, utaumia bure. Ya siku ya kwanza yatakuwa machache, ya pili machache, ya wiki ya pili utashangaa. Na ukishaanza kazi, kamua hukohuko ofisini kila baada ya saa tatu hivi, mlango umefungwa, lakini isiwe chooni. Hayo unayokamua leo ndiyo chakula chake cha kesho.

Kuhifadhi ndiko kunakohitaji uangalifu katika mji wetu. Utasikia kwamba maziwa ya mama hukaa nje saa nne. Ni kweli, kwa chumba chenye nyuzi 25 au pungufu. Nyumba ya bati hapa Dodoma, mwezi wa kumi na moja saa nane mchana, haina nyuzi 25. Hivyo kwako yakitoka tu yaingie kwenye baridi: ndani kabisa ya friji, si mlangoni, yanakaa hadi siku nne, kwenye kikasha chenye vipande vya barafu, hadi saa 24. Hicho kikasha ndicho utakachorudi nacho kwenye daladala. Weka kidogokidogo, mililita 60 hadi 100 kila chombo, uandike tarehe. Kupasha moto, chombo kikae kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Maziwa yenyewe yasiwekwe juu ya jiko wala kwenye maikrowevu. Aliyobakiza mtoto yasizidi saa mbili, yamwagwe. Najua inauma kuyamwaga.

Chupa je? Mwanangu, kwani lazima chupa? Mtoto mdogo hata wa siku chache hunyweshwa kwa kikombe, na wahudumu wa afya wanakipendelea kwa sababu hakina pembe za kujificha uchafu. Ukifikiria mgawo wa maji unavyotupata, kuosha na kuchemsha chuchu ya plastiki mara tatu kwa siku ni kibarua. Kikombe kidogo cha wazi, maji ya moto na sabuni, kimekwisha. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni, naye atayalamba mwenyewe. Asimiminiwe, atapaliwa. Kama bado mnataka chupa, sawa, lakini asimpe mama. Wewe toka nje kabisa, hata nenda sokoni Majengo; mtoto akisikia harufu yako, kwa nini ahangaike na plastiki? Ajaribiwe akiwa ametulia, bado njaa haijamkolea.

Na anayempa awe mama mkwe. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu naona unamwona mama huyu kama upande wa pili wa vita. Amefunga safari kutoka Kongwa kukulelea mtoto. Bila yeye ungekuwa unatafuta dada wa kazi sasa hivi. Juu ya maji na uji, hapana, kabla ya miezi sita asipewe, hata jua likiwaka vipi: maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, na mtoto akiona kiu ananyonya mara nyingi zaidi. Maji yanajaza tumbo bila kushibisha, na yanaweza kumletea kuhara. Lakini usimwambie hivyo wewe mkwe wake, mkiwa wawili jikoni. Mpeleke kliniki siku ya chanjo ya wiki ya 10, amsikie nesi mwenyewe, aulize maswali yake. Kisha mkabidhi kikombe na umwonyeshe maziwa yalipo. Bibi mwenye kazi yake hana haja ya kukoroga uji.

Usiku utabadilika, jiandae. Watoto wengi mama akianza kazi hula kidogo mchana na kunyonya sana usiku. Huyo dada wa ofisini huenda ndiko alikochokea, simlaumu. Lala karibu na mtoto, mume aoshe vyombo vya kukamulia na aandae kikasha cha asubuhi, kwa kuwa ameonyesha nia ya kusaidia. Siku za mapumziko mtoto arudi titini moja kwa moja. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito kwenye kadi ukipanda kwenye chanjo ya wiki ya 14, anatosheka.

(Mama mwingine anayesoma hapa akiwa kwenye dawa za ARV asianze kuchanganya maziwa yake na chakula kingine chochote kabla ya kuongea na mhudumu wake wa kliniki.)

Kuhusu kopo: lisifunguliwe bado. Angalia tarehe ya kuisha muda, liweke kabatini. Ikitokea siku kweli maziwa hayakutosha, si dhambi, ongezeni hicho kipungufu tu na wewe uendelee kukamua, maana kila mlo wa kopo bila wewe kukamua unaliambia titi lipunguze. Maji yachemke na yatumike yakiwa bado ya moto, ndani ya nusu saa, vijiko kama kopo linavyoelekeza bila kuzimua ili lidumu, yapoozwe kabla ya kunyweshwa, na yaliyokorogwa yakipita saa mbili yasiguswe. Mwambie mume kwa upole kwamba risiti ailinde. Kopo lisilofunguliwa huenda duka likalibadilisha kwa nepi.