Beringi Iliyokufa Usiitupe: Kwa Mhandisi Mpya wa Matengenezo

Wewe unayeanza kazi ya matengenezo kwenye kiwanda kizito, nina neno ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote: spea iliyoharibika usiioshe wala usiitupe mpaka ujue kilichoiua.

Mashine ikisimama, kila mtu anataka iwake tu. Watu wa uzalishaji wanapiga simu, meneja kasimama pembeni, mafundi wameshachomoa beringi na mpya iko tayari. Ile ya zamani inaishia kwenye vyuma chakavu, na ushahidi wote umekwenda nayo. Haupiti muda mrefu, mko palepale mnafungua boliti zilezile.

Omba dakika chache, hata kama watanuna. Kabla beringi haijatoka, piga picha, kisha weka alama juu ni wapi na upande wa mota ni upi. Grisi usiifute yote; hifadhi kidogo kwenye mfuko safi. Ikiwa nyeusi na ngumu, shuku joto. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Halafu tenganisha beringi uangalie njia ya rola, yaani uso wa ringi ambao vile vyuma vinavyobingirika ndani hupita juu yake.

Nilikutana na feni kubwa ya kuvuta vumbi ambayo beringi yake ya upande mmoja ilikuwa haikai. Ililaumiwa grisi, ukalaumiwa ubora, hata muuzaji akabadilishwa. Tulipoiweka ringi ya nje mezani, alama za mzigo zilikuwa sehemu mbili zinazotazamana, moja chini na nyingine juu. Kwenye feni kama ile, beringi iliyokaa vizuri huchakaa upande wa chini, unaobeba uzito. Alama mbili za namna hiyo zinaonyesha ringi imebanwa hadi ikapoteza mviringo wake. Tukalegeza boliti za hauzingi, ile nyumba ya chuma inayoishika beringi, na kupitisha filageji, yaani kibapa chembamba cha kupimia mwanya, chini ya miguu yake. Pembe moja ikapita, kwingine ikagoma. Kitako ambacho hauzingi inakalia hakikuwa sawa, kwa hiyo kila boliti zilipokazwa hauzingi nayo ilijikunja. Tulisawazisha kitako, tukafunga beringi ya aina ileile iliyokuwa inalaumiwa, na feni ikatulia.

Alama nyingine utazizoea. Mistari iliyopangana sawasawa kuzunguka njia ya rola mara nyingi ni umeme unaopita kwenye beringi, hasa mota ikiendeshwa na invata, kifaa cha umeme cha kurekebisha mwendo wa mota. Vishimo vilivyoachana kwa nafasi ileile ya rola, kwenye pampu ya akiba, vinatokana na kukaa bila kuzunguka huku mashine za jirani zikiitetemesha. Pampu ya akiba na inayofanya kazi zipokezane zamu.

Kuhusu grisi, nasisitiza: beringi kupata moto si amri ya kuongeza grisi. Ikizidi, rola zinaikoroga na joto linapanda zaidi. Zidisha kipenyo cha nje kwa upana wa beringi, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005, unapata gramu za kuongeza. Beringi ya 200 kwa 50 inataka gramu 50. Pima pia bomba lako la grisi linatoa gramu ngapi kwa kila mkandamizo, maana yanatofautiana.

Usalama hauna mjadala. Funga swichi kwa kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako, kisha jaribu kuwasha uhakikishe mashine imekufa kweli. Na umeme si nguvu pekee iliyomo. Akyumuleta ya haidroli, tungi linalohifadhi mafuta yenye presha, hubaki na presha pampu ikiwa imezimwa, na feni huweza kuzungushwa na hewa inayovuta kwenye mabomba. Toa presha, zuia rota, yaani sehemu inayozunguka, ndipo uingize mkono.

Opereta msikilize. Yeye ndiye anayeshinda na mashine, na akikuambia mlio umebadilika tangu zamu ya usiku, nenda kaangalie hata kama kipimo cha mtetemo hakijalalamika. Fundi mkongwe naye muulize mbele ya wenzake, si pembeni. Anastahili heshima hiyo, na vijana watasikia jibu.

Kwenye daftari la mashine usiandike "beringi imebadilishwa" ukaishia hapo. Andika ilikufaje, alama zilikuwa wapi, kitako kilipimwa kikawaje, grisi iliwekwa gramu ngapi, na picha zimehifadhiwa wapi.